Jogoo wa DOS: jinsi ya kutengeneza jogoo wa kompyuta anayewika kwa saa za Kiswahili, halafu umzidishie ufundi mpaka akushinde

Mama mwenye nyumba wangu alishasema tangu siku ya kwanza, hapa kuku hatufugi. Sawa, nikaheshimu. Ila mimi nimekulia shamba, nimezoea kuamshwa na jogoo sio na simu, na ule msemo kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini ulikuwa unaniuma kidogo. Basi wikiendi moja nikakaa nikaandika jogoo kwa QBasic, lugha ya zamani ya kuandikia programu, kimchezo tu, mistari 15. Miezi mitatu baadae jogoo huyo huyo alikuwa na seva yake, anakokotoa jua linachomoza saa ngapi, ana faili la setingi la kuamua jioni inaisha lini. Yaani banda la kuku nimelimwagia msingi wa ghorofa.

Nakuelekeza njia nzima, ufaidi raha bila kupita kwenye mashimo yote niliyopita mimi. Sheria ni moja tu na nitairudia: kila kitu unachoongeza lazima kiwe na swichi ya kukizima, na kikizimwa jogoo bado awike.

Hatua ya 1: kukusanya vitu

Unahitaji kompyuta yoyote, hata laptopu ya hovyo, na DOSBox, ambayo ni programu ya bure inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta yako. Halafu QBasic. Hii ilikuja na MS-DOS 5 (DOS ni ule mfumo wa kuendesha kompyuta wa kabla ya Windows) mwaka 1991, na kama una CD ya Windows 98 imelala kabatini ifungue uangalie kwenye folda ya TOOLS\OLDMSDOS utaikuta humo (kwenye CD ya Windows 95 ni OTHER\OLDMSDOS). Faili ni mbili tu, QBASIC.EXE na QBASIC.HLP, na hiyo ya pili usiidharau, ni kitabu kizima cha msaada, unabonyeza F1 juu ya neno lolote unapewa maelezo na mfano. Sisi tuliojifunza kompyuta kabla ya bando ndio tulivyojifunza hivyo.

Kama huna CD, tumia PC-BASIC, ni ya bure, inaiga GW-BASIC, ile kaka yake QBasic ya kuandika namba mwanzo wa kila mstari. Ukiwa huko kumbuka kusevu kwa SAVE "JOGOO",A, hiyo A ya mwisho ndiyo inafanya faili liwe maandishi ya kawaida, bila hiyo ukilifungua kwa notepadi utakuta hieroglifu. Kuna pia QB64 inayoendesha programu za QBasic moja kwa moja kwenye mashine za kisasa, nzuri sana, ila kwa mradi huu naona ni kama kula ugali kwa uma.

Tengeneza folda inaitwa jogoo, weka zile faili mbili, washa DOSBox uandike:

mount c ~/jogoo
c:
qbasic

Kwenye Windows badala ya ~/jogoo weka c:\jogoo. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha bonyeza Ctrl+F10 kinaachiwa. Majina ya faili hayazidi herufi 8 kabla ya nukta, ukiita JOGOOLASHAMBA.BAS utakuja kukuta JOGOOL~1.BAS na utajiona mjinga. JOGOO.BAS inatosha.

Hatua ya 2: jogoo wa mistari 15

Huyu muandike kwanza, awike, ndio uendelee. Usiruke. Najua unataka kuanza na mambo makubwa, kila mtu anataka.

DIM n$(12)
FOR i = 1 TO 12: READ n$(i): NEXT
DATA moja,mbili,tatu,nne,tano,sita,saba
DATA nane,tisa,kumi,kumi na moja,kumi na mbili
zamani = -1
DO
  h = VAL(LEFT$(TIME$, 2))
  s = (h + 5) MOD 12 + 1
  IF h <> zamani THEN
    PRINT "Kokorikoo! Saa ", n$(s)
    SOUND 600, 2: SOUND 700, 2: SOUND 900, 3
    FOR f = 1100 TO 500 STEP -20: SOUND f, .5: NEXT
    zamani = h
  END IF
LOOP UNTIL INKEY$ <> ""

Bonyeza F5. Atawika hapo hapo, halafu atawika tena kila saa ikigeuka.

Mstari wa kuuelewa ni ule wa s. Wengi wanakimbilia h - 6, sababu wazungu wakisema saba sisi ni saa moja, kumi na tatu ni saa saba, kwa hiyo toa sita basi. Jaribu. Alfajiri kompyuta ikisema 6 utapata saa sifuri, na usiku wa manane ikisema 3 utapata saa hasi tatu, na ukidhani MOD (inayotoa baki ya kugawanya) itakuokoa haikuokoi, QBasic ikigawanya namba hasi inakurudishia hasi vile vile. Ndio maana tunaongeza 5, tunagawa kwa 12, tunachukua baki, tunaongeza 1. Saa 7 ya kompyuta: 7 na 5 ni 12, baki 0, ongeza 1, saa moja. Saa 0: baki 5, ongeza 1, saa sita. Imekaa.

SOUND inachukua namba mbili, ya kwanza ni wembamba wa sauti kwa hezi, ya pili ni muda, na huo muda hauhesabiwi kwa sekunde bali kwa mapigo 18.2 kila sekunde. Hiyo 18.2 inatoka wapi? IBM walipotengeneza PC yao ya 1981 waliweka fuwele moja ya megahezi 14.31818, ambayo ni mara nne ya mawimbi ya rangi ya TV za Marekani, ili kompyuta iweze kuchomekwa kwenye TV. Wakaigawa kwa 12 kupata mapigo ya chipu ya saa, 1,193,182 kwa sekunde, na hiyo chipu inahesabu mpaka 65,536 ndio inatoa pigo moja. Gawanya utapata 18.2. Kwa hiyo jogoo wako anawika kwa kufuata TV za rangi za Marekani, mimi nilivyojua hilo nilishindwa kulala.

Hatua ya 3: kusema saa kama mtu

Hapa ndipo ufundi wa kupitiliza unapoanza, na ndipo penye utamu. "Saa mbili" peke yake haitoshi, mtu anataka "saa mbili kasorobo asubuhi". Dakika kwanza:

m = VAL(MID$(TIME$, 4, 2))
IF m > 30 THEN h = h + 1
SELECT CASE m
  CASE 0: d$ = ""
  CASE 15: d$ = " na robo"
  CASE 30: d$ = " na nusu"
  CASE 45: d$ = " kasorobo"
  CASE IS < 30: d$ = " na dakika" + STR$(m)
  CASE ELSE: d$ = " kasoro dakika" + STR$(60 - m)
END SELECT

Ukivuka nusu saa unataja saa inayokuja sio iliyopita, ndio maana h inaongezwa kabla ya kukokotoa s, na zile dakika ukizigusa baadae sana s itakuwa imeshakosea. Ile nafasi kati ya "dakika" na namba hujaiweka wewe, STR$ inaweka nafasi moja mbele ya kila namba chanya, ni tabia ya zamani ya kuachia sehemu ya alama ya kutoa. Kitu kingine, kwenye jogoo wa hatua ya 2 kulinganisha na zamani kufanyike kabla ya hiyo h = h + 1, la sivyo atawika saa ikivuka nusu.

Sasa majira. Alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Nikadhani ni dakika tano. Nikauliza watu. Mwenzangu mmoja wa Tanga anasema saa kumi ni alasiri, mwingine wa Mwanza anasema saa kumi ni jioni tena hiyo alasiri yeye anaisikia redioni tu. Saa moja ile ya giza likiingia, kuna anayesema saa moja jioni na kuna anayesema saa moja usiku, na wote wanakuangalia kama wewe ndio mgeni. Saa kumi na mbili ya kukucha, alfajiri au asubuhi? Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Mtu mwenye akili angechagua moja aendelee na maisha. Mimi nikatengeneza faili linaitwa LAHAJA.INI, lina mistari sita, kila mstari jina la majira na saa linapoanzia, na jogoo akiamka analisoma:

alfajiri,4
asubuhi,6
mchana,11
alasiri,15
jioni,17
usiku,19

Unalifungua kwa OPEN "LAHAJA.INI" FOR INPUT AS #3, unasoma kwa INPUT #3, jina$, kuanzia, unahifadhi kwenye safu mbili, halafu unatafuta kutoka chini kwenda juu ule wa kwanza ambao h MOD 24 imeufikia. Ukikosa wote, yaani ni kabla ya saa kumi ya alfajiri, basi ni usiku. Ile MOD 24 ni muhimu maana 23:45 inageuka 24 na hakuna saa 24. Kila mtu akija kwako na ubishi wake unamwambia hariri faili. Katika yote niliyoongeza hili ndilo nalionea fahari, na ndilo dogo kuliko yote.

Hatua ya 4: sauti ya jogoo wa kweli

Ile spika ya PC inatoa mlio mmoja kwa wakati mmoja, haina hata kupandisha sauti. Inachekesha lakini sio jogoo. DOSBox inaiga pia Sound Blaster, kadi ya sauti ya enzi hizo, kwa kawaida ipo kwenye mlango 220, kwa hiyo unaweza kurekodi jogoo halisi kwa simu (mimi nilimtumia binamu ujumbe, akanirekodia wa kwake kule kijijini, wakajitokeza na mbuzi wawili), halafu uigeuze kuwa baiti tupu kwa ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza sauti, nje ya DOSBox:

ffmpeg -i jogoo.m4a -t 2 -ac 1 -ar 8000 -f u8 JOGOO.RAW

Hapo umepata sekunde 2, sauti ya upande mmoja, sampuli 8,000 kila sekunde, baiti moja kila sampuli. Jumla baiti 16,000. Usitamani kurefusha, kamba ya herufi kwenye QBasic haivuki 32,767 na nafasi yenyewe ya kuhifadhi herufi ni finyu, itakupigia kelele "Out of string space". Halafu:

OPEN "JOGOO.RAW" FOR BINARY AS #2
s$ = SPACE$(16000): GET #2, , s$: CLOSE #2
OUT &H226, 1: OUT &H226, 0
OUT &H22C, &HD1
FOR i% = 1 TO 16000
  OUT &H22C, &H10
  OUT &H22C, ASC(MID$(s$, i%, 1))
NEXT

Mstari wa tatu unaiamsha kadi, D1 inafungua spika, halafu kila baiti inatanguliwa na 10 ambayo maana yake "pokea hii uitoe sasa hivi". Hakuna kitu kinachopima mwendo hapo zaidi ya kasi ya kompyuta yenyewe. Kwa hiyo kwenye setingi za DOSBox weka cycles=fixed 20000 kwa kuanzia, washa, sikiliza. Akiwika kama fahali bonyeza Ctrl+F12 kuongeza kasi, akiwika kama kifaranga bonyeza Ctrl+F11 kupunguza. Nilitumia jioni nzima hapa na sijutii hata dakika moja, nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Sauti itakwaruza kidogo, iache ikwaruze.

Ila kumbuka kasi ikiwa kubwa laptopu inachemka na feni linalia kutwa nzima kwa ajili ya kuku. Ukirudi kwenye spika ya kawaida, cycles=fixed 3000 inatosha kabisa.

Picha nitaipita haraka. SCREEN 13 inakupa pikseli 320 kwa 200 na rangi 256, mchore jogoo kwenye karatasi ya miraba 16 kwa 16, kila mraba namba ya rangi (4 nyekundu ya kilemba, 14 njano ya mdomo, 6 kahawia), zipange kwenye DATA uzichore kwa PSET. Mmoja mdomo umefunga, mmoja umefungua. Kuzihifadhi kwa GET unahitaji safu ya namba 130 kwa kila picha. Wangu anafanana na bata na nimeshakubali.

Hatua ya 5: kuwika kabla jua halijachomoza

Jogoo wa kweli hafuati saa ya ukutani, anafuata kukucha. Na saa zetu zenyewe zimejengwa hapo, saa moja ni saa ya kwanza ya mchana, inawezekana kwa sababu huku karibu na ikweta jua halitangitangi sana. Dar es Salaam tofauti ya kuchomoza kwa jua mwaka mzima haifiki hata saa moja. Sasa kama haifiki saa moja kuna haja gani ya kukokotoa? Hakuna. Tunakokotoa.

rad = 3.141593 / 180
b = 360 / 365 * (siku - 81) * rad
e = 9.87 * SIN(2 * b) - 7.53 * COS(b) - 1.5 * SIN(b)
dek = 23.45 * SIN(b) * rad
x = -TAN(-6.8 * rad) * TAN(dek)
pembe = (90 * rad - ATN(x / SQR(1 - x * x))) / rad
kucha = 12 - pembe / 15 - e / 60 + (45 - 39.28) / 15

Hiyo siku ni siku ya ngapi ya mwaka, itoe kwenye DATE$ ambayo inaanza na mwezi halafu tarehe, kimarekani, usichanganye. Namba -6.8 na 39.28 ni latitudo na longitudo ya Dar, weka za kwako, Nairobi ni kama -1.29 na 36.82. Ile 45 ni mstari ambao saa za Afrika Mashariki zimepimwa, na sababu Dar iko magharibi yake, jua la utosi kwa wastani linatupita kama dakika 23 baada ya saa sita kamili. Herufi e ni dakika ambazo jua linatangulia au kuchelewa, Februari linachelewa kama dakika 14, mwanzoni mwa Novemba linatangulia kama 16, na hiyo inasogeza kukucha kwetu zaidi kuliko kunavyosogezwa na urefu wa mchana wenyewe.

Yule ATN na SQR ni kwa sababu QBasic haina amri ya kupata pembe kutoka kwenye kosaini, ina ATN tu, kwa hiyo unaizungukia kwa mlango wa nyuma. Jibu linakuja kwa saa zenye desimali, 5.98 maana yake saa kumi na mbili kasoro dakika moja. Hewa inapinda mwanga, kwa hiyo jua linaonekana kama dakika 2 au 3 kabla ya hapo, toa ukipenda. Mimi nikamwambia jogoo awike nusu saa kabla ya kucha, yaani kucha - .5, na sitasahau asubuhi ya kwanza alipowika nikafungua dirisha, mbingu ndio inaanza kupauka kule upande wa bahari.

Hatua ya 6: seva ya kuku

Hii ndio hatua ambayo mke wa rafiki yangu aliuliza kama niko sawa.

Saa ya ndani ya DOSBox inachukuliwa kwenye kompyuta yako inapowaka, baada ya siku kadhaa inaweza kuteleza. Dawa yake ni kuandika time /h, inajilinganisha tena, mwisho. Lakini sisi hatukuja kutafuta dawa. DOSBox inaweza kujifanya ina waya wa kuunganisha kompyuta mbili kwa mlango wa COM1, kumbe upande wa pili ni mtandao. Kwenye faili la setingi sehemu ya serial weka:

serial1=nullmodem server:127.0.0.1 port:5005 transparent:1

Neno transparent usilisahau, bila hilo DOSBox inachanganya data yako na ishara zake za kusalimiana na upande wa pili, ambako tunaweka programu ndogo ya Python (lugha ya kisasa), hautaelewa kitu. Nje, kwenye kompyuta ya kawaida, unaendesha hii:

import socket, time
s = socket.socket()
s.bind(("127.0.0.1", 5005))
s.listen(1)
c, a = s.accept()
while True:
    c.sendall(time.strftime("%H:%M:%S\r").encode())
    time.sleep(1)

Washa Python kwanza ndio uwashe DOSBox, ukigeuza hawataonana. Ndani ya jogoo:

OPEN "COM1:9600,N,8,1,CS0,DS0,CD0" FOR RANDOM AS #1
DO WHILE LOC(1) > 8
  LINE INPUT #1, t$
LOOP
IF LEN(t$) = 8 THEN TIME$ = t$

Mistari minne ya mwisho iweke ndani ya kitanzi kikuu, ile DO mpaka LOOP ya hatua ya 2. Kitanzi kidogo kinakausha yote yaliyojazana na kubaki na la mwisho. Na lazima ukaushe: bafa, yaani sehemu ya kuhifadhi yanayopokelewa, ni ndogo, kila saa inayotumwa ni baiti 9, kwa hiyo ukimuacha jogoo amesimama kwa muda inafurika na programu inakufa na kosa namba 69. Mimi lilikuwa linanitokea kila nikienda kuchukua maji, nikadhani kuna jini.

Sasa hapa ndio nilipochafua. Nilisoma mahali kwamba seva nyingi zinahesabu saa za Greenwich, nikaongeza saa 3 kwa mkono upande wa QBasic. Kompyuta yangu ilikuwa tayari iko saa za Afrika Mashariki. Matokeo yake jogoo akaona ni saa kumi na moja alfajiri wakati dunia nzima iko saa nane usiku, na ile sauti ya Sound Blaster nilikuwa nimeichomeka kwenye subwufa ili nimsikie vizuri.

Asubuhi mlangoni, mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, tulikubaliana nini kuhusu kuku?"

Nikamkaribisha ndani nimuonyeshe. Akamwangalia jogoo kwenye skrini muda mrefu. Akasema, huyu ni bata.

Hatua ya 7: swichi

Baada ya aibu hiyo nikarudi kwenye ile sheria. QBasic haisomi maneno unayoandika baada ya jina la programu, ile COMMAND$ iko kwenye ndugu yake mkubwa QuickBASIC, lakini inasoma mazingira ya DOS, yaani maneno unayoyaweka kwa amri ya SET. Kwa hiyo:

SET JOGOO=SK
QBASIC /RUN JOGOO.BAS

na ndani unaandika w$ = ENVIRON$("JOGOO"), halafu kila kipande unakizungushia ukuta wake: IF INSTR(w$, "K") THEN kwa kukokotoa kucha, "S" kwa sauti ya kadi, "P" picha, "W" waya. Herufi isipokuwepo kipande kimelala. Jaribu kila mara SET JOGOO= bila kitu mbele, kama hajawika kwa ile mistari 15 ya mwanzo basi kuna kitu umekiharibu njiani, rudi.

Na usingojee muda kwa kufanya t = TIMER + 5 halafu DO WHILE TIMER < t. TIMER inahesabu sekunde toka saa sita usiku na saa sita ikigonga inarudi sifuri, kwa hiyo ukianza kungoja sekunde mbili kabla ya hapo utangoja milele. Wangu alikaa kimya siku mbili kwa sababu ya hiyo. Tumia SLEEP.

Ukitaka kutunza matoleo kwa Git inawezekana, QBasic inasevu maandishi ya kawaida. Weka tu *.BAS text eol=crlf kwenye faili la .gitattributes ili miisho ya mistari ibaki ya kidos.

Hatua ya 8: mashine halisi

Hii ni hiari. Nilipata laptopu ya Pentium kwa fundi, hata bei yake tulipatana kwa soda mbili, nikaweka FreeDOS. Huu ni mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994 Microsoft ilipoonyesha kwamba MS-DOS haina maisha, toleo 1.0 likatoka 2006, na mpaka leo unaendelea. QBasic inakaa humo bila shida. Betri ya ndani ya laptopu imekufa, kwa hiyo kila ikizimwa tarehe inarudi 1 Januari 1980, siku ya kwanza kabisa ambayo DOS inaijua, na hesabu ya kukucha inakuwa ya Januari mwaka mzima. Usihangaike, weka amri za DATE na TIME kwenye AUTOEXEC.BAT (faili linalosomwa mashine ikiwaka, FreeDOS za karibuni zinaliita FDAUTO.BAT) zikuulize tarehe na saa.

Laptopu hiyo haiko kwangu. Iko jikoni kwa mama mwenye nyumba, maana yeye anapika maandazi ya kuuza na simu yake kila siku inazima chaji usiku. Alikuja mwenyewe, akauliza yule bata anaweza kumwamsha saa kumi kasorobo akande unga? Nikamwekea ya mistari 15, sio hii ya seva, nikaongeza ule mstari wa m na nikabadilisha sharti moja tu:

IF h = 3 AND m = 45 THEN

Nikasahau kwamba sasa hakuna tena kinachomzuia kurudia, kwa hiyo anawika dakika nzima bila kupumua mpaka saa kumi kasoro dakika kumi na nne. Nilivyogundua nikaenda nirekebishe. Mama akasema acha, hivyo hivyo.